Daktari Mwenye Maswali Mengi

Bibi Zuura alikuwa ameapa kutofungua mdomo. Aliapa asubuhi ile akivaa nguo mpya za ndani, zile alizokuwa ameziweka kwa ajili ya maziko yake, maana alijua kwa daktari mtu huvuliwa, na hakutaka mwanamke wa mjini aende kusimulia kwamba wajane wa kwao At-Bashi wana viraka matakoni. Akaapa tena ndani ya gari la mwanawe, mkate na mtungi wa malai, zawadi za daktari, vikiwa mapajani.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye kamba ya kukamulia, pale farasi wanapofungwa wakikamuliwa. Majira ya joto yaliyopita, huko juu malishoni, alikuwa amechuchumaa chini ya farasi jike mmoja, akamaliza kukamua, akainuka na ndoo, na kilichofuata ni kuamka amelala chali katikati ya kwato huku maziwa yakimtiririka shingoni. Majirani wakampigia simu Turdubek, mwanawe anayeuza matairi mjini Narin. Tangu siku hiyo Turdubek alikuwa na wimbo mmoja: farasi wauzwe, nyumba ifungwe, mama ahamie kwake, ghorofa ya nne, chumba chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari.

Waligombana msimu mzima wa baridi. Turdubek hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na woga, na mwanamume mwenye woga akipewa mama wa kulinda huwa mkali kuliko polisi. Mwisho alimpata mnunuzi wa farasi, akamwambia aje na lori Jumamosi, kisha ndipo akaja kumwambia mama yake.

"Lori gani?" aliuliza Zuura.

"Mama, tusigombane. Twende kwa daktari. Yule mpya anapima mtu mzima mzima, asubuhi yote. Akisema upande mlimani, nitakupandisha mwenyewe na mnunuzi nitamfukuza. Akisema ubaki, unabaki. Anachosema daktari ndiyo sheria. Sawa?"

"Sawa," alisema Zuura, upesi mno hata mwanawe akamtilia shaka.

Alikubali kwa sababu alikuwa na lake moyoni. Bibi aliyemlea alikuwa msoma mshipa, mwenye jina mabonde yote ya upande ule. Mgonjwa aliingia, akaketi, akanyoosha mkono. Kikongwe akaweka vidole vitatu kifundoni, akafumba macho, kisha akamwaga yote: umegombana na wifi yako, ini lako limechoka, mimba ile iliyotoka hukuililia vya kutosha. Hakuuliza hata swali moja. Zuura alikua akijua kwamba tabibu wa kweli haulizi, na anayeuliza hajui. Kwa hiyo atampa huyu wa mjini mkono, basi. Kama ni tabibu, ataona mwenyewe kwamba moyo upo na unafanya kazi. Kama si tabibu, hataona kitu, na asiyeona kitu hawezi kumkataza mtu mlima wake.

Daktari aliitwa Perizat. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na viatu vikubwa vya starehe, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Alimimina malai kwenye bakuli lake akarudisha mtungi, akaupokea mkate kwa mikono miwili, akamega kipande, akala pale pale, jambo ambalo Zuura alilipenda ingawa hakuwa amepanga kupenda kitu chochote humo ndani.

"Karibu, mama," alisema Daktari Perizat. "Leo hatuna haraka. Ni mara yetu ya kwanza, nataka nikufahamu vizuri. Nitakuuliza mengi, mengine ya aibu. Halafu nitakupima toka kichwani mpaka vidole vya miguu, halafu tutakaa tuzungumze tufanye nini. Kuna jambo unataka tuanze nalo?"

Zuura alikunja mkono wa sweta, akakunja wa gauni, akakunja wa fulana ya sufu iliyokuwa chini ya gauni, akaulaza mkono wake mezani kama anayeweka nyama kwenye mizani. Kisha akatazama ukutani.

"Mama!" alisema Turdubek. "Daktari, samahani. Bibi yake alikuwa msoma mshipa. Anakujaribu."

"Haya, nijaribiwe," alisema daktari. Akavuta kiti, akaweka vidole pale pale panapotakiwa, akanyamaza. Alihesabu muda mrefu hata Turdubek akaanza kutikisa goti.

"Moyo unaenda mbio kidogo," alisema hatimaye. "Kuna mahali unaruka, kisha unarudi. Ngozi imekauka, vidole vya baridi. Huo ndio mwisho wa ninachosikia, mama. Kwa nini unaruka, mshipa hauniambii. Hilo utaniambia wewe."

Zuura aliendelea kutazama ukutani. Alifurahi ndani kwa ndani: huyu hajui.

Basi maswali yakaanza, na kwa kuwa mwenye mwili alikuwa ametia ngumu, akajibu mwenye gari. Turdubek alikuwa na jibu kwa kila kitu, haraka haraka, kama yuko dukani kwake na mteja ameulizia saizi.

"Analala vizuri?"

"Kama mtoto."

Zuura alikuwa hajalala vizuri tangu mumewe Kasimali afariki.

"Chumvi anatumia sana?"

"Kidogo tu."

Chai yake ya maziwa ilikuwa na chumvi ya kumtosha ng'ombe.

"Kabla ya siku ile, aliwahi kuanguka au kuona giza?"

"Hapana. Ilikuwa mara hiyo moja, ni uzee tu."

Alikuwa ameona giza msimu wote ule, karibu kila asubuhi, na kila asubuhi alimshika farasi shingoni mpaka dunia irudi.

"Usiku anaamka kwenda haja ndogo?"

Turdubek alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Hilo... sidhani."

Zuura aliuma shavu kwa ndani asicheke. Alikuwa anashinda. Mwanawe alikuwa akimsaidia bila kujua, akimchora mwanamke asiye na kasoro yoyote ila umri, na daktari alikuwa akiandika uongo huo kwa utulivu. Yangekwenda hivyo hivyo mpaka mwisho, kama si swali moja dogo.

"Amezaa mara ngapi?"

"Watatu," alisema Turdubek. "Mimi na dada zangu wawili."

"Watano," alisema Bibi Zuura.

Sauti ilimtoka kavu, maana alikuwa hajaitumia tangu alfajiri. Turdubek aligeuka.

"Mama, daktari anauliza watoto..."

"Nimesikia anachouliza. Masikio bado ni yangu, hujayauza." "Watano. Wa kwanza Azamat. Alikufa kwa surua, theluji imefunga njia, baba yako amembeba mgongoni anateremka naye na mtoto keshakata roho. Wa pili msichana, Aijan, aliishi mpaka akaota meno. Halafu ukaja wewe. Jina lako ni Turdubek. Maana yake amebaki. Ulidhani tulikupa kwa urembo?"

"Nilidhani ni la babu," alisema Turdubek polepole.

"Babu yako aliitwa Mambet! Miaka yote hii unanijibia, na hata hujui ninajibu nini. Analala kama mtoto, eti. Umeniona lini nikilala? Toka nje."

"Mama..."

"Nje! Nenda katazame magari. Si unayapenda maegesho?"

Turdubek alimtazama daktari apate msaada, naye daktari akamtazama mgonjwa. Akainuka, akatoka, akafunga mlango taratibu mno kwa mtu wa mwili wake.

Walibaki wanawake wawili na mkate. Zuura alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Kiapo chake kilikuwa kimekufa, na lililomuudhi zaidi ni kwamba hakukisikitikia.

"Bibi yangu hakuuliza mtu kitu," alisema kwa ukali, ili daktari asidhani ameshinda. "Kitu! Alishika mkono, akajua."

"Wagonjwa wake walikuwa watu wa wapi?"

"Wa pale pale. Wa bonde letu."

"Aliwafahamu tangu lini?"

"Tangu..." Zuura alisita. "Tangu kuzaliwa. Alikuwa mkunga. Wote walipitia mikononi mwake." Alifikiri kidogo. Aliikumbuka jikoni ya kikongwe yule, majirani wakiingia na kutoka mchana kutwa, nani kampiga nani, nani hali nyama, nani anarudi kwao. Kisha akaguna. "Kumbe mzee alikuwa anaibia!"

Daktari Perizat alicheka mpaka miwani ikadunda kifuani. "Mimi sina pa kuibia, mama. Nimekuona leo."

"Haya, uliza," alisema Zuura. "Lakini uliza mimi."

Akauliza. Jamani, mwanamke yule aliuliza! Aliuliza mama yake Zuura alikufa na nini, na baba, na ndugu. Aliuliza jiko linawashwa kwa kitu gani, na moshi wa samadi unatokea wapi. Anakula na nani? Analia? Amewahi kunywa pombe? Zuura akajibu kwamba maziwa ya farasi yaliyochacha si pombe, ni chakula, na daktari akaandika kitu ambacho Zuura alishuku si chakula. Alimpa maneno matatu ayakumbuke, akamuuliza leo ni siku gani.

"Siku ambayo mwanangu amenileta mnadani," alisema Zuura.

"Na kwa kalenda?"

"Jumatano. Na maneno yako ni tandiko, kitunguu na mto. Unaniona mjinga?"

Kisha akapimwa. Nguo zilivuliwa safu baada ya safu, na zile za maziko zikaonekana, safi, hazina kiraka. Daktari alimulika macho na koo, akabonyeza tumbo, akagonga magoti, akatazama hadi katikati ya vidole vya miguu, mahali ambapo hata Kasimali hakuwahi kupatazama. Alisikiliza moyo kwa mbele, akasikiliza mgongoni, akamlaza kwa ubavu akasikiliza tena. Akamfunga nyaya na mashine ikatoa karatasi yenye milima midogo midogo. Zuura alilala akihesabiwa mapigo, akaona ajabu kwamba haoni aibu. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amshike bila haraka.

Akapimwa presha amelala. "Sasa simama," alisema daktari.

Akasimama. Giza likaja lile lile, kwa pembeni kwanza. Akakamata ukingo wa kitanda, na daktari akamkamata yeye, mkanda ukiendelea kuvimba mkononi.

"Ndivyo ilivyokuwa siku ile?"

"Ndivyo," alisema Zuura, akichukia neno hilo.

"Imeshuka vibaya sana. Nilimwambia mwanao uje na dawa zako zote. Umekuja nazo?"

Zuura alifungua kifurushi. Vikatoka vidonge vyake vya presha, majani makavu ya tumbo, chupa ya mafuta ya mkia wa kondoo kwa ajili ya kifua, na mwisho kopo moja la vidonge vyeupe ambalo kibandiko chake kilikuwa kimefifia kwa kushikwashikwa.

Daktari alivaa miwani. "Hivi ni vya nani?"

"Vya Kasimali. Mume wangu." Alilichukua kopo, akalirudisha kwenye kiganja chake mwenyewe. "Alipofariki tuligawa vitu vyake kama inavyotakiwa. Walioosha maiti wakapata nguo, kofia akapata kaka yake, tandiko Turdubek. Vidonge hakuna aliyevitaka. Binti yetu alikuwa akivituma toka Urusi mafungu kwa mafungu, vimebaki vingi. Sasa nivitupe jalalani, kitu cha marehemu? Nikasema nitavimaliza mimi. Nameza kimoja asubuhi kabla ya kwenda kukamua. Nasema, haya mzee, twende kazini."

"Unajua vilikuwa vya nini?"

"Vya kumpa afya. Dawa si dawa?"

Daktari aliinamisha kichwa, na mabega yakaanza kumtikisika. "Mama," alisema, "hivi ni vya tezi ya wanaume. Iko huku chini, inawabana mkojo wakizeeka. Wewe huna."

Zuura alilitazama kopo. Kicheko kikaanzia tumboni, kikapanda, kikamtoa machozi, wakacheka wote wawili mpaka Turdubek akagonga mlango kuuliza kuna nini. "Kalale!" alimpigia kelele mama yake.

"Vinalegeza mishipa," alisema daktari alipopata pumzi. "Ukijumlisha na vyako vya presha, kisha umechuchumaa, kisha unainuka ghafla, damu inabaki miguuni. Hukuangushwa na uzee. Vimekuangusha hivi. Kuanzia leo basi."

Kicheko kilikauka. Zuura alikuwa bado amelikamata kopo. Alikuwa akijua siku nyingi kwamba vinapungua, na kila asubuhi alitikisa kusikia vimebaki vingapi, akaogopa siku ya kimya. Alisema hivyo kwa sauti. Alisema pia kwamba anamkumbuka Kasimali vibaya mno. Hakuwa amemwambia mtu hilo, kwa kuwa watoto wakisikia hulia wao, na yeye ndiye huwa wa kuwabembeleza.

"Kaa nalo kopo," alisema Daktari Perizat. "Vidonge niachie."

Zuura akavimwaga mwenyewe, kimoja kimoja, kwenye kiganja cha daktari.

"Swali la mwisho," alisema daktari. "Wewe unataka nini?"

Hili halikuwa limeulizwa na mtu msimu wote wa baridi. "Nataka kupanda mlimani na farasi wangu," alisema Zuura. "Mwaka huu, na mwaka kesho, na ule ambao sitashuka. Nimemaliza."

Mlango ulifunguliwa. Turdubek alikuwa amechoka kungoja. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, akasema kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosema wote kwetu wakati kuna mgonjwa chumbani, "Daktari, tunaweza kuongea nje kidogo? Mimi na wewe."

Ndivyo inavyokuwa siku zote. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kasimali. Wanaume walitoka nje na daktari, wakarudi wakitabasamu, wakamwambia Kasimali ni baridi tu imemwingia, na Kasimali akafa akingoja baridi imtoke. Naye Zuura alitabasamu pamoja nao. Alilikumbuka tabasamu lake la siku zile na damu ikamchemka.

"Nje kuna nini?" alisema. "Moyo uko hapa. Kama una neno juu yangu, daktari, niambie mimi, na huyu kama anataka, asikilize."

"Mama, kuna mambo mengine..."

"Baba yako alitaka kuuaga mlima. Hatukumwambia, hakuuaga. Mimi hamtanifanyia."

Daktari Perizat aligeuza kiti chake, akampa Turdubek ubavu, akamtazama Zuura usoni.

"Moyo wako una kasoro," alisema. "Mlango mmoja wa ndani haufungi vizuri, ndiyo maana kuna sauti na kuruka. Nimekutoa damu ya kupima, na nataka upigwe picha ya moyo kesho kutwa. Inaweza kukaa hivi miaka. Inaweza pia kukuzidi. Kule juu hakuna hospitali, na nikisema huwezi kufia huko nitakuwa nakudanganya."

"Na ghorofa ya nne siwezi kufia?"

"Unaweza."

"Sawasawa. Endelea."

"Vya presha utameza jioni, si asubuhi. Ukichuchumaa, usiinuke mpaka uhesabu pumzi zako. Ndoo abebe mtu mwingine. Usikae peke yako kambini. Chumvi kwenye chai uache."

"Chumvi kwenye chai siachi."

"Nusu."

"Nusu," alisema Zuura. "Lakini nakupunguzia kwa sababu umekula mkate wangu."

Turdubek alishindwa kuvumilia. "Daktari! Aende au asiende? Tulikubaliana, utakachosema ndiyo sheria."

"Nimeshasema," alisema Daktari Perizat. "Amesikia yote, ameelewa yote, akili yake ni timamu kuliko yangu. Mlima ni wake na moyo ni wake. Ninachosema ni kwamba ataamua yeye."

Sheria aliitunga Turdubek mwenyewe, na sasa ilikuwa imekaa kitini mbele yake, inafunga vifungo vya sweta.

"Naogopa, mama," alisema. Alikuwa hajawahi kulisema hivyo, wazi, bila kulifunika na lori wala ghorofa. "Nitapigiwa simu tena."

"Najua unaogopa. Hata mimi naogopa. Kwani nani amesema siogopi?" Zuura alitia kopo tupu mfukoni, akasimama. Alisimama polepole, akingoja kama alivyoambiwa, mkono ukiwa ukingoni mwa meza. Giza halikuja, au lilikuja kidogo likaona aibu. "Turdubek. Nimezaa watoto wangapi?"

"Watano."

"Wataje."

"Azamat," alisema. "Aijan." Jina lililofuata lilikuwa lake. "Turdubek. Na dada zangu."

"Vizuri. Siku nyingine ukiulizwa, utajibu hivyo. Sasa mpigie simu mnunuzi wako. Mwambie Jumamosi lori lije kama mlivyopatana."

"Lije?" Turdubek alimtolea macho.

"Lije," alisema Bibi Zuura, akiokota mtungi wake mtupu. "Sisi ndio tutakaolikodi, litupandishe mlimani na farasi. Wewe utakaa mbele na dereva, nawe utakaa huko juu mpaka nipate mtu wa kubeba ndoo. Matairi yako yatangoja, hayali nyasi."